Asifukuzwe, Afundishwe

Mtoto mlemavu akifanya fujo darasani, hutendewa nini? Mara nyingi huchapwa au hurudishwa nyumbani. Akirudishwa, hasomi.

Huko Marekani, sheria iliyorekebishwa mwaka 1997 yawataka walimu na wazazi wafikirie pamoja njia njema za kumsaidia. Hujiuliza: Fujo huanza saa ngapi? Kabla yake kulitokea nini? Labda hasikii vizuri. Labda kazi imemshinda. Basi hufundishwa kunyosha mkono aombe msaada. Akifanya hivyo, husifiwa papo hapo. Jimbo la Maryland lilianza mwaka 1999 kueneza utaratibu wa namna hii shuleni.

Nawe mzazi, usingoje kuitwa. Mwone mwalimu. Mweleze mambo yanayomtuliza mwanao. Tabia njema hufundishwa, kama kusoma kunavyofundishwa.