Ngome Iliyogeuzwa Kokoto

Wapo watuambiao kwamba jiwe ni jiwe, na kilima kisicholimika heri kipasuliwe. Sisi tuvukao Grande Barrière, baina ya Gisenyi na Goma, penye kuta nyingi za mawe meusi ya volkano, hatulidharau jiwe la kujengea. Lakini hoja hiyo twaikataa, na shahidi wetu yuko mbali: Clatchard Craig, karibu na mji wa Newburgh, jimbo la Fife, Uskochi.

Juu ya kilima hicho ilisimama ngome ya Wapikti, watu waliotawala kaskazini na mashariki ya nchi ile kabla ya karne ya 10. Maboma ya mawe yalikizunguka kilele, safu baada ya safu. Ndani yake mafundi walimimina madini katika kalibu za udongo, wakifua bizimu za kufungia majoho. Wataalamu wa mambo ya kale walichimba humo katika miaka ya 1950, hadi 1960, wakishindana na baruti. Baruti ilishinda. Kufikia 1980 ngome imekwisha, na kilele chenyewe hakipo.

Watetezi wa machimbo hujibu: maandishi yamebaki, na vitu vimo katika makumbusho. Ni kweli, na twashukuru; mabaki hayo yamepimwa upya hata katika karne hii. Lakini likizuka leo swali ambalo wachimbuaji wale hawakuliuliza, mtafiti atachimba wapi? Barabarani, chini ya magurudumu ya malori?