UCHAMBUZI: Redio ya Chuo Kikuu Alaska na mzigo wa kuwafikia walio mbali

Uamuzi wa Bunge la Marekani wa Julai 2025 wa kufuta dola bilioni 1.1 zilizotengwa kwa utangazaji wa umma katika kipindi cha miaka miwili umeacha swali zito: nani agharamie redio mahali ambapo biashara haiwezi kuigharamia? Kituo cha KUAC, kinachoendeshwa na Chuo Kikuu cha Alaska Fairbanks, kinalionyesha swali hilo kwa uwazi.

KUAC ilianza kurusha matangazo tarehe 1 Oktoba 1962, ikiwa redio ya kwanza ya umma katika Jimbo la Alaska. Mji wa Fairbanks uko katikati ya jimbo hilo, chini ya kilomita 200 kusini mwa Duara la Aktiki. Alaska ina eneo linalokaribia mara mbili ya Tanzania, lakini wakazi wake hawafiki milioni moja, na vijiji vingi havina barabara inayoviunganisha na miji. Kwa hali hiyo, matangazo ya kibiashara pekee hayawezi kulipia mitambo, umeme na waandishi wa habari katika kila sehemu.

Mazingira nayo yanaipa redio uzito wa pekee. Wakati wa baridi kali, joto la Fairbanks huweza kushuka hadi nyuzi 40 za Selsiasi chini ya sifuri. Wakati wa kiangazi, mioto ya misitu huwa tishio. Mwaka 2004 iliteketeza zaidi ya hekta milioni 2.6 katika jimbo hilo. Aidha, Juni 2023, barafu ya bahari ilikata mkongo wa mawasiliano kaskazini mwa Alaska, na huduma za intaneti na simu zikayumba kwa miezi kadhaa. Katika nyakati kama hizo, kipokezi kidogo kinachotumia betri huweza kuendelea kupokea taarifa bila kutegemea mtandao wa simu.

Fedha zilizofutwa zilikuwa zikipitia Shirika la Utangazaji wa Umma (CPB), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Zaidi ya asilimia 70 ya fedha hizo zilikwenda moja kwa moja kwa vituo vya mikoani. Tarehe 1 Agosti 2025, wiki moja baada ya Rais Donald Trump kutia saini sheria hiyo, CPB ilitangaza kuanza kufunga shughuli zake.

Waliounga mkono hatua hiyo walisema kuwa vyombo vya kitaifa vya umma vinaegemea upande mmoja wa siasa, na kwamba mlipakodi hana sababu ya kuvilipia wakati vyanzo vya habari ni vingi. Hoja hiyo ina nguvu zaidi katika miji mikubwa, penye wafadhili na njia nyingi za mawasiliano. Hata hivyo, uzito wa uamuzi haugawanyiki sawasawa. Kituo cha mjini hupoteza sehemu ya bajeti, ilhali kituo cha mbali huweza kupoteza msingi wake.

Mgawanyiko huo ulijitokeza hata miongoni mwa wawakilishi wa Alaska. Muswada ulipita katika Baraza la Seneti kwa kura 51 dhidi ya 48. Seneta Lisa Murkowski wa chama cha Republican aliupinga, huku mwenzake wa chama hicho na jimbo hilo, Dan Sullivan, akiuunga mkono. Tarehe 16 Julai, mjadala ukiendelea, tetemeko la ukubwa wa 7.3 lilitokea karibu na pwani ya kusini ya Alaska na kusababisha tahadhari ya tsunami. Murkowski alilitaja kuwa ushahidi wa umuhimu wa redio za umma.

Je, chuo kikuu kinaweza kuziba pengo? Chuo huipa redio majengo, wataalamu na heshima ya taasisi isiyotafuta faida. Lakini chuo chenyewe hutegemea bajeti ya jimbo. Mwaka 2019, Gavana Mike Dunleavy aliondoa fedha za jimbo kwa redio za umma. Mwaka huohuo, Chuo Kikuu cha Alaska kilikubali kupunguziwa dola milioni 70 katika miaka mitatu. Ipo michango ya wasikilizaji, nayo ni muhimu, ila katika eneo lenye watu wachache wachangiaji nao ni wachache.

Kwa hiyo, kipimo cha haki cha huduma hii si idadi ya wasikilizaji peke yake. Gharama ya kulifikia kaya moja iliyo mbali daima itakuwa kubwa kuliko ya kuwafikia wakazi wa mtaa mzima wa mjini, na soko halina sababu ya kuibeba. Serikali ikiuweka chini mzigo huo, hautoweki. Humwangukia chuo, msikilizaji, au mwananchi ambaye siku ya hatari atasubiri taarifa isiyomfikia.