Fomu Ilisema Kuna Lifti, Godauni Haikuwa na Lifti

Wasee, tuanze na dirisha la matatu.

Umekaa kando ya dirisha, saa kumi na mbili jioni, jam imesimama kabisa, simu iko mkononi. Mkifika pale vijana hurukia simu za watu, unafunga dirisha ama unatupa simu ndani ya begi bila hata kufikiria. Hiyo ndiyo tathmini ya hatari. Umeona kitu kinachoweza kukuumiza, umepima kama kinaweza kutokea hapo na saa hiyo, umekumbuka simu yenyewe bado unailipia kidogo kidogo, halafu ukachukua hatua. Hakuna mtu alikuja na mhuri.

Sasa niambie kwa nini hiyo akili tunaiacha getini tukiingia kazini.

Likizo moja nilipata kibarua kwenye godauni hapa Nairobi. Jina sitaji. Kazi ilikuwa kupanga katoni na kupakia lori. Siku ya kwanza, kabla hata sijaonyeshwa choo, nilipewa karatasi nitie sahihi kwamba nimesoma na kuelewa tathmini ya hatari ya mahali pale. Mimi ni yule mtu wa kusoma kila kitu (mathe hunicheka sana kwa hilo), kwa hivyo nikasoma. Ukurasa wa pili ulisema moto ukitokea, wafanyakazi wasitumie lifti.

Lifti gani? Ile ni nyumba ya chini, mabati juu, sakafu ya simiti. Kumbe mtu alichukua faili ya ofisi ya ghorofa mahali fulani, akabadilisha jina pale juu, akapiga mhuri, akalipwa. Nilicheka. Halafu nikatia sahihi. Sote tulitia.

Kitu ambacho faili haikusema ni ngazi. Tulikuwa na ngazi moja ya kufikia katoni za juu, na kipandio chake cha tatu kilikuwa kimevunjika kikafungwa na waya. Kila mtu alijua. Ukifika mgeni, mtu alikuambia, "Ya tatu usikanyage." Hiyo ndiyo ilikuwa tathmini ya kweli ya ile kampuni, ilipitishwa kwa mdomo, na kusema kweli ilifanya kazi vizuri kuliko ile faili. Mpaka Alhamisi moja. Lori mbili ziliingia pamoja, kila mtu anakimbia, na kuna jamaa alikuwa ameanza kazi asubuhi hiyo. Hakuna aliyekumbuka kumwambia. Hata mimi sikukumbuka. Alianguka na katoni, mkono ukavunjika pale kwenye kifundo, akapelekwa hospitali na bodaboda.

Mdosi alipofika hakwenda kuangalia ngazi. Alienda kutafuta faili. "Si alisaini?"

Ijumaa tulipanda ngazi ile ile.

Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja: tathmini ya hatari iliyofanywa bila kumuuliza mtu anayepanda ngazi ni mbaya kuliko kukosa tathmini kabisa. Ukikosa, angalau mdosi anajua hana. Akiwa na karatasi, analala vizuri, na wewe unabaki na waya.

Na si ati sheria haipo. Kenya tuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007. Kifungu cha 6 kinamlazimu mwenye mahali pa kazi afanye tathmini ya hatari, halafu kulingana na matokeo achukue hatua za kuzuia watu wasiumie. Soma tena hapo kwa hatua. Kujaza fomu ni nusu ya kazi tu. Na sheria hiyo inahusu kila mahali mtu anapofanya kazi, iwe ya muda au ya kudumu, kwa hivyo ile story ya "wewe ni kibarua tu" haishiki. Mahali penye wafanyakazi 20 na zaidi panafaa kuwa na kamati ya usalama, na wafanyakazi wawe na wawakilishi ndani yake. Uliza kazini kwenu mwakilishi wenu ni nani, uone watu wakiangaliana.

Halafu kuna mambo ya mpangilio. Wanaosomea usalama hufundishwa kwamba kwanza unaondoa hatari yenyewe. Ikishindikana unaweka kitu salama zaidi badala yake, ama unaweka kizuizi, ama unabadilisha namna ya kufanya kazi. Vitu vya kuvaa huja mwisho kabisa. Hapa kwetu tunaanzia mwisho. Ukishapewa reflekta na gambuti, mdosi anaona amemaliza. Reflekta ingemsaidia nini yule jamaa? Angeanguka akimetameta.

Najua wenye biashara ndogo watasema hawana pesa za mtaalamu. Sawa, kibanda cha chips hakihitaji mtaalamu. Kinahitaji daftari na dakika 20 na yule kijana anayekaanga. Muulize mafuta humrukia wakati gani. Muulize mtungi wa gesi unakaa wapi na mtoto wa mteja hupita wapi. Mrudie mkibadilisha jiko, ama akija mtu mpya, kwa sababu mtu mpya ndiye hajui ya tatu haikanyagwi.

Lakini hata kujua hakutoshi, na mfano usionitoka kichwani ni wa Bangladesh. Tarehe 23 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza pale Savar, karibu na Dhaka, lilionekana na nyufa kwa ukuta. Watu wakatolewa nje. Kesho yake, benki iliyokuwa kwenye jengo hilo haikurudisha wafanyakazi wake. Wale wa viwanda vya nguo, wengi wao wasichana, waliambiwa waingie kazini. Asubuhi hiyo jengo likaanguka, likaua zaidi ya watu 1,100. Jengo ni moja, nyufa ni zile zile, siku ni ile ile. Hatari ilikuwa imeshaonekana. Tofauti ilikuwa ni nani angesikizwa akisema siingii.

Hapo ndipo watu huniambia, "Wewe rahisi kuongea. Nikikataa kupanda, kuna wengine mia hapo getini." Ni ukweli, na siwezi kujifanya haupo. Kifungu cha 14 kinasema ukiripoti hatari kubwa kwa msimamizi wako, huwezi kulazimishwa kurudi mahali hapo kabla haijarekebishwa. Sheria hiyo hiyo inakataza kukufuta kwa sababu ulilalamika. Lakini kibarua wa siku hafutwi, haitwi tu kesho. Kwa hivyo sikuambii uende ukafanye ushujaa peke yako. Mkiwa watano mkisema pamoja, "mzee, hii ngazi hatupandi leo," ni vigumu kuwabadilisha wote saa mbili asubuhi na lori imeshaingia. Sisi tulikuwa tisa. Hakuna aliyesema kitu, na mimi ndiye nilikuwa nimesoma faili.

Yule jamaa wa Alhamisi hakuitwa tena. Tulikutana juzi stejini, mkono ulishapona lakini haukunjiki vizuri. Nikamwambia kuna sheria nyingine ya 2007, ya fidia kwa walioumia kazini, na alikuwa na haki ya kudai. Alinyamaza kidogo.

"Sasa unaniambia leo," akasema. "Na ile plasta nililipa na doo ya rent."