Arobaini Imekwisha, Presha Je?



Juma hili tunawaelekea ndugu zetu wa Kitui na Makueni: waliozaliwa Kitui mjini, na walioolewa au kufuata biashara Makindu, Kibwezi na Mtito Andei. Huko, kama kwetu pwani, mzazi akitoka arobaini salama tunamshukuru Mola, na maradhi aliyoyapata akiwa mjamzito tunayasahau. Hapo ndipo tunapokosea.

Presha ikifika 140/90 au zaidi mimba ilipovuka wiki 20, na protini ikaonekana katika mkojo, kifafa cha mimba kinanyemelea. Kondo la nyuma lisiposhika vyema humwaga katika damu vitu vinavyodhuru kuta za mishipa. Likishatoka, presha aghalabu hushuka, ingawa huweza kupanda tena siku chache baadaye. Kwa hiyo mzazi mwenye kichwa kikali, ukungu machoni au pumzi za shida apelekwe hospitali hata kama yumo ndani ya arobaini. Na kwa wengine mishipa haiponi kabisa. Watafiti wameona kuwa hatari ya mama huyo kupata maradhi ya moyo au kiharusi miaka ya mbele ni takriban mara mbili ya mwenziwe. Kisukari cha mimba, na kuzaa kabla ya wiki 37, navyo huongeza hatari.

Wote, makao makuu ya Makueni, ipo hospitali ya mama na mtoto. Jina linawataja wawili. Lakini baada ya wiki 6, mwenye kliniki hubaki mtoto peke yake. Tunapendekeza jambo jepesi: siku ya chanjo ya surua, miezi 9 na miezi 18, mama naye akunje mkono wa baibui apimwe presha, kisha apimwe kila mwaka. Kijitabu cha kliniki kisitupwe. Akikusudia mimba nyingine, amweleze daktari mapema, kwani ipo aspirini ya kipimo kidogo ambayo daktari huweza kumwanzishia baada ya wiki 12.

Na bibi mwenye wajukuu, aliyepatwa na kifafa cha mimba miaka 20 iliyopita, aseme leo anapopimwa moyo. Huenda asiulizwe.