Darubini Yangu Haileti Unga

Nina dukuduku na leo nitalitoa.

Muhula uliopita nilipeleka darubini kwenye kongamano la sayansi la shule. Niliitengeneza kwa paipu ya maji, lenzi ya miwani kuukuu ya nyanya inayokusanya mwanga umbali wa sentimita 100, na lenzi ndogo ya sentimita 5 niliyoazimwa maabarani. 100 gawanya kwa 5: inakuza mara 20, karibu sawa na ile ya Galileo mwaka wa 1610! Siku nne mfululizo niliona miezi ya sayari ya Mshtarii ikihama, leo mitatu upande huu, kesho miwili, nikaichora daftarini. (Jirani alidhani mimi mwizi wa kuku, lakini hayo tuyaache.)

"Sasa hii italeta unga?" mwamuzi akauliza. Ukumbi ukaangua kicheko.

Jamani, mwaka wa 1970 setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka baharini karibu na Malindi kuchunguza eksirei za angani. Ilikuwa ya Wamarekani, wakairusha Waitaliano. Sisi tulitoa jina na bahari.

Maoni yangu: utafiti upimwe kwa yale mwanafunzi aliyoyaona na kuyaandika. Tena lenzi zisifungiwe kabatini saa kumi, sisi wa kutwa tukienda nyumbani. Mtuazime hata usiku mmoja, tutatia sahihi.