Kisoma-kadi: Tupime Kabla ya Kulipa

Haba na haba hujaza kibaba. Senti za chama chetu sasa zatosha kununua kisoma-kadi, ili picha za kamera ziingie kwenye kompyuta ya chama. Wenzangu wengine wanataka kile cha nje, eti ni rahisi. Mimi nasema la! Kitu kidogo kinachopita mikono mingi hakikawii kupotea. Tununue cha ndani, kifungwe kwa skrubu.

Hata hivyo, si kila cha ndani kitatufaa. Kwanza tutazame kasha: je, mbele kuna ile nafasi ya inchi 3.5 iliyokuwa ya disketi? Kama haipo, basi nitakubali cha nje. Pili, tuangalie ubao mkuu. Plagi ya USB 2.0 ina pini 9, na ya USB 3.0 ina pini 19, hazioani kamwe. Ya kwanza hupitisha hadi megabiti 480 kwa sekunde, ya pili gigabiti 5. Tatu, kadi ya SD inayozidi GB 32 huwa ya aina ya SDXC, iliyotangazwa mwaka wa 2009. Kisoma-kadi cha kale huenda kisiisome.

Tena jamani, tusihadaiwe na matundu mengi! Nani kati yetu ana kadi ya xD siku hizi? Tundu la SD na la microSD yatosha.

Walimu walezi, tafadhali kasha lifunguliwe kwanza, mfuko baadaye. Rahisi ni ghali.