Ukurasa wa Walimu: Bwawa Dogo Nyuma ya Darasa

Mwezi huu tunajibu swali ambalo familia kadhaa zimetuuliza: je, bwawa dogo kama lile la wanafunzi wetu linaweza kuchimbwa nyumbani? Jibu ni ndiyo, lakini someni mpaka mwisho kabla hamjachukua jembe.

Sisi walimu wa kujitolea tulilichimba na wanafunzi mwezi wa Novemba, mvua zilipoanza, pale ambapo maji yanayomwagika bombani yalikuwa yanafanya matope tu. Urefu ni mita 2, upana mita moja na nusu, kina sentimita 50 katikati. Kingo tuliziteremsha polepole kama sahani, ili chura aweze kupanda na kutoka. Chini tulipaka udongo wa mfinyanzi tukaukanyaga kwa miguu siku mbili. Halafu uzio, maana mtoto mdogo anaweza kuzama hata kwenye maji yasiyofika magotini.

Mimea tuliitoa bondeni hapa hapa: mafunjo, matete na yungiyungi. Gugu maji tulilikataa, hata kama ua lake linapendeza. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na wengi mnajua lilivyosumbua Ziwa Victoria miaka ya 1990. Vyura walikuja wenyewe, na kereng'ende pia. Watoto wa kereng'ende huishi majini, na hula viluwiluwi vya mbu.

Basi tukajisifu. Shule ikafungwa kwa sikukuu, na wiki tatu hakuna aliyeliangalia bwawa.

Januari mama mmoja jirani akaja na mtoto mgongoni, ametoka naye hospitali, malaria. Akasema: "Walimu, munatuletea mbu mulangoni!" Tukaenda naye kuangalia. Kweli, kwenye majani yaliyosongamana ukingoni viluwiluwi vilikuwepo, vimelala sambamba na uso wa maji. Vya mbu wa malaria ndivyo hulala hivyo. Vya mbu wengine wengi huning'inia kichwa chini. Hatuwezi kusema mbu aliyemuuma yule mtoto alitoka wapi. Lakini hatuwezi kusema kwamba hakutoka kwetu.

Tulimwomba msamaha. Tukakaa na majirani, wengine wakitaka lifukiwe siku ile ile, na mwisho tukakubaliana hivi:

- Kila Jumamosi tunachota maji ya ukingoni kwa sahani nyeupe, mara kumi, yule mama akiwepo. Yai la mbu huweza kuwa mbu anayeruka ndani ya siku 7 hadi 14, kwa hiyo wiki isirukwe.
- Viluwiluwi vya mbu vikionekana, maji yale yanamwagwa mbali, kwenye ardhi kavu. Vya chura, vyenye kichwa kikubwa na mkia, vinarudishwa.
- Majani ya ukingoni yanapunguzwa, yasiwe maficho.
- Hakuna kuoga wala kukojoa humo, kwa sababu ya kichocho. Maji ya sabuni pia marufuku, huua viumbe.
- Wiki tatu mfululizo zikiwa mbaya, tunalifukia wenyewe.

Na chandarua ni kila usiku, bwawa liwepo lisiwepo.

Kwa hiyo, wapendwa, kama nyumbani kwenu hakuna mtu wa kushika sahani kila wiki, msichimbe. Pale maji yanapomwagika pandeni ndizi au magimbi, nayo yatapunguza matope na kuwapa chakula. Kama mtu yupo, njooni Jumamosi asubuhi mwone tunavyofanya. Mtoto wa yule mama amepona, tunamshukuru Mungu. Jumamosi mbili zilizopita sahani ilikuwa safi, mama aliiangalia vizuri, akasema, "Tutaona tena wiki ijayo."

Tukutane toleo lijalo.